Baba anapokwenda kambini: familia za Tungue na askari wanaoanza kwata ukubwani

Katika vijiji vinavyoizunguka Ghuba ya Tungue, kaskazini kabisa mwa pwani ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, safari ya kwenda jeshini si habari ya kijana wa miaka 18 peke yake. Tangu vita vilipoanza mkoani humo Oktoba 2017, wanaume wenye wake, watoto na hata wajukuu nao wamebeba bunduki. Wapo walioingia katika jeshi la taifa wakiwa wamekaribia ukomo wa umri unaoruhusiwa. Wapo pia waliojiunga na Kikosi cha Wenyeji, ambacho kwa Kireno huitwa Força Local, na humo umri haukuwa kizuizi.

Mtu mzima aendapo kambini, nyumba nzima huandikishwa pamoja naye. Kijana huacha wazazi wanaojiweza, lakini baba huacha chungu kisicho na mpishaji, mtumbwi usio na nahodha na watoto wanaosubiri ada. Makala haya yanaeleza ni nani wanaoitwa au kujitolea, sheria inasema nini juu ya umri na utumishi, na familia inaweza kufanya nini kabla ya mafunzo, wakati wa mafunzo, siku ya kiapo na baada yake.

Pwani iliyoona majeshi mengi

Tungue ni jina la kale. Katika karne ya 19 ghuba hii ilikuwa mpaka wa kusini wa himaya ya Sultani wa Zanzibar, aliyeweka hapo liwali na askari wake. Mwaka 1887 Wareno waliiteka Tungue kwa nguvu. Mwaka 1894 Wajerumani wakajitwalia pembetatu ya Kionga, kusini mwa mdomo wa Mto Ruvuma, nayo ikarudi mikononi mwa Wareno Aprili 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka huohuo jeshi la Ureno lililotoka Ulaya liliteremka Palma ili kuvuka Ruvuma na kupigana na Wajerumani. Wanaume wa nchi walichukuliwa kwa nguvu kuwa wapagazi, na njaa na maradhi viliwaua wengi. Kumbukumbu za familia za pwani hii juu ya jeshi, kwa hiyo, zilianza na mume aliyechukuliwa bila kuulizwa, wala hazikuanza na gwaride.

Sura ya pili ni ya vita vya ukombozi. Tarehe 25 Septemba 1964 wapiganaji wa FRELIMO walishambulia kituo cha Wareno huko Chai, Cabo Delgado. Mafunzo yao yalifanyika zaidi Tanzania: kwanza Kongwa katika mkoa wa Dodoma, kisha Nachingwea kusini, kambi iliyokuwa kubwa kuliko zote. Waliovuka Ruvuma hawakuwa vijana watupu. Walikuwamo wenye familia, na familia hizo nyingi zilivuka pamoja nao na kuishi katika makazi ya wakimbizi kama Rutamba, mkoani Lindi. Mwaka 1967 FRELIMO iliunda Kikosi cha Wanawake, na wanawake wakabeba silaha na chakula kutoka mpakani hadi ndani ya nchi. Katika maeneo yaliyokombolewa ya nyanda za juu za Mueda, mashamba ya wanavijiji ndiyo yaliyowalisha wapiganaji. Kusaidiwa kwa askari na jamaa zake si jambo geni, basi; ndilo lililoviwezesha vita vile kudumu miaka 10, hadi uhuru ulipopatikana tarehe 25 Juni 1975.

Wazee waliorudi kushika bunduki

Vita vya sasa vilianza tarehe 5 Oktoba 2017, pale kundi lenye silaha ambalo wenyeji huliita mashababi liliposhambulia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Mashambulizi yakasambaa Palma, Nangade, Macomia, Quissanga na Muidumbe. Jeshi la taifa lilikuwa changa na limetawanyika. Hapo wakongwe wa vita vya ukombozi, hasa wa Mueda na Muidumbe, wakaomba silaha ili walinde vijiji vyao, wakifuatana na wana wao na wajukuu.

Tuufikirie umri wao. Mtu aliyejiunga na mapambano akiwa na miaka 18 mwaka 1972 alikuwa na miaka 66 ilipofika mwaka 2020. Ujuzi wake wa porini ni hazina, lakini magoti yake ni ya mzee. Pamoja naye walikuwamo wanaume wa miaka 30 hadi 50 ambao hawakuwahi kupita kambini, nao walifundishwa kwa muda mfupi na kuanza doria karibu na nyumbani.

Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma ulivamiwa. Maelfu ya watu walikimbilia Quitunda, Afungi, Pemba kwa njia ya bahari, au mpakani mwa Tanzania. Julai 2021 wanajeshi wa Rwanda waliwasili, na mwezi huohuo ikaanza kazi ya ujumbe wa kijeshi wa Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, uliokaa hadi Julai 2024. Watu waliporejea Palma na vitongoji vyake, swali la nani atalinda kijiji usiku likarudi pamoja nao.

Jambo moja lisemwe kwa uwazi, kwa kuwa linazigusa familia za pwani. Kikosi cha Wenyeji kilizaliwa miongoni mwa wakongwe ambao wengi wao ni Wamakonde wa nyanda za juu. Wachambuzi wengi wameonya kwamba jamii za pwani, Wamwani na Wamakwe, zisipopata nafasi na imani ya kweli katika ulinzi wa nchi yao, silaha za kijiji zinaweza kuzidisha shaka kati ya majirani. Kwa familia ya Tungue yenye baba katika kikosi, heshima yake kwa kila jirani, wa lugha na dini yoyote, ni sehemu ya usalama wa nyumba yake mwenyewe.

Sheria inasema nini juu ya umri na utumishi

Njia mbili zilizotajwa haziko sawa mbele ya sheria, na familia inapaswa kujua jamaa yake anapita ipi.

Njia ya kwanza ni utumishi wa kijeshi wa taifa. Kila raia wa Msumbiji, mwanamume au mwanamke, hutakiwa kujiandikisha kijeshi katika mwaka anaotimiza miaka 18. Kazi hiyo hufanyika mwanzoni mwa kila mwaka, Januari na Februari, katika wilaya, na kwa walio nje ya nchi katika balozi na konseli za Msumbiji. Wajibu wa kijeshi huendelea hadi miaka 35. Kwa hiyo mwanamume wa miaka 30 ambaye hakujiandikisha kwa sababu ya vita au uhamisho hajatoka katika wajibu huo. Kujiandikisha ni bure. Kujiandikisha pia si sawa na kuitwa: baada yake hufuata uchunguzi wa afya na uteuzi, na wengi walioandikishwa hawachukuliwi kamwe.

Muda wa kutumikia nao umebadilika. Zamani utumishi wa lazima ulikuwa wa miaka 2. Sheria iliyopitishwa mwaka 2023 iliurefusha hadi miaka 5. Kwa kijana asiye na mke, miaka 5 ni sehemu ya ujana. Kwa mtu wa miaka 33 mwenye watoto watatu, mwana aliyeachwa akijifunza kutembea atakutwa shuleni. Familia ifanye hesabu zake kwa miaka 5, isitegemee kumbukumbu za mjomba aliyetumikia miaka 2.

Njia ya pili ni Kikosi cha Wenyeji. Kwa miaka ya mwanzo kilifanya kazi bila sheria inayokitaja, ingawa serikali ilikipa silaha na mahitaji. Desemba 2022 Bunge la Jamhuri lilipitisha marekebisho ya sheria ya ulinzi yaliyokitambua, na mwaka 2023 serikali ikapitisha kanuni za muundo na kazi zake. Kutambuliwa huko ni jambo kubwa kwa mke na watoto, maana mtu asiyetajwa na sheria ni vigumu kudaiwa haki yake. Hata hivyo, mwanakikosi huyu si mwanajeshi wa kudumu. Posho, tiba na fidia hazipaswi kudhaniwa kuwa ni zilezile za mwanajeshi wa taifa. Swali la kuuliza kabla ya mtu kuvaa sare ni hili: jina lake limeandikwa wapi, na nani?

Kwa njia zote mbili, mtoto wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuandikwa kuwa askari. Umaskini au hasira ya msiba havibadilishi hukumu hiyo.

Kabla ya kuondoka: karatasi, ndoa na madeni

Palma ilipoungua, nyaraka nyingi ziliungua nayo. Kuna wake ambao leo hawana cheti cha ndoa, na watoto wasio na cheti cha kuzaliwa. Familia ya askari inahitaji karatasi hizi kuliko familia nyingine yoyote, kwa kuwa siku ya msiba ofisi haitauliza nani alipika chakula chake miaka 15, itauliza karatasi. Zinazotakiwa kwanza ni kitambulisho cha taifa, namba ya mlipakodi, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na uthibitisho wa ndoa.

Ndoa yataka maelezo zaidi. Nikaha nyingi za pwani hufungwa na shehe mbele ya walii na mashahidi, kisha zikaishia hapo. Sheria ya Familia ya mwaka 2004, iliyopitiwa upya mwaka 2019, inazitambua ndoa za dini na za kimila, lakini kwa masharti, na mojawapo ni kuandikishwa katika ofisi ya msajili. Ndoa halali mbele ya Mungu inaweza, basi, kukosa nguvu mbele ya karani wa pensheni. Sheria ya dola haiandikishi ndoa ya mke wa pili. Mume mwenye wake wawili ana wajibu mzito wa kuweka mambo yake wazi mapema, ili mmoja asije akaachwa mikono mitupu. Watoto, kwa upande wao, wana haki sawa mbele ya sheria bila kujali mama yao ni mke wa ngapi, mradi baba amewatambua katika cheti cha kuzaliwa.

Madeni nayo yaandikwe: anayodai na anayodaiwa. Nusu ya nyavu iliyonunuliwa kwa ushirika, minazi iliyowekwa rehani, mahari ambayo hayajamalizika, fedha za kikundi cha kuweka na kukopa. Yote yakae katika daftari moja na yashuhudiwe na watu wawili wanaoaminika. Wasia wa Kiislamu, usiozidi theluthi ya mali na usiompa mrithi zaidi ya fungu lake, unaweza kuandikwa na shehe. Kuandika wasia si kujitabiria kifo. Wavuvi wa Tungue huacha maagizo kabla ya safari ya kusi, na hakuna awaitaye waoga.

Mwisho, ajulikane msimamizi. Baba akiondoka, ni nani atakayeamua mtoto apelekwe hospitali ya Pemba, au shamba likodishwe? Mke akiachwa bila kauli, ndugu wa mume huweza kuingia na kuamua yote. Mume aseme mbele ya pande zote mbili kwamba mkewe ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani, na ndugu wamsaidie.

Mwili wa mtu mzima mbele ya kwata

Mwili wa miaka 35 au 45 hujifunza kama wa kijana, ila kwa mwendo wake. Kwa mtu asiyefanya mazoezi, uwezo wa moyo na mapafu hupungua kwa takriban asilimia 10 kila muongo baada ya miaka 30. Mvuvi anayevuta nyavu na mkulima anayelima kwa jembe wana mikono na migongo yenye nguvu, lakini si lazima wawe na pumzi ya kukimbia wala miguu iliyozoea viatu vya jeshi.

Miezi miwili au mitatu kabla ya mafunzo yatosha kufanya tofauti kubwa. Aanze kutembea haraka, kisha achanganye na mbio fupi, kisha abebe mzigo mdogo mgongoni na kuuongeza polepole. Avae viatu vigumu nyumbani hadi ngozi ya kisigino ikomae. Apumzike siku moja au mbili kwa wiki, kwani kwa mtu mzima kano na maungio hupona taratibu kuliko misuli. Familia inaweza kumsaidia kwa mambo madogo: kumwachia nafasi alfajiri, kumpikia maharage na samaki badala ya wanga mtupu, na kutomcheka anaporudi akihema.

Maradhi yasifichwe. Shinikizo la damu, kisukari, pumu, kifua kikuu na kifafa ni mambo ya kumweleza daktari wa uchunguzi waziwazi. Wapo wanaoficha ili wasikataliwe, na wapo wanaoacha dawa zao ili wenzao wasizione. Mke anayejua mumewe anameza vidonge kila siku ana haki na wajibu wa kumkumbusha kwamba joto la Cabo Delgado pamoja na mzigo wa mgongoni huweza kumwangusha mgonjwa asiyetibiwa. Kukataliwa kwa sababu ya afya hakumwondolei mtu uanaume wake.

Kuna pia mzigo wa moyoni. Mtu anayeitwa *baba* na *mwenye nyumba* kwao, kambini huitwa kuruta, naye huamrishwa na mkufunzi mwenye umri wa mwanawe. Wengi huvunjwa na jambo hilo kabla ya mbio kuwavunja. Ni vizuri lizungumzwe nyumbani mapema: amri ya kwata si tusi kwa umri, na anayejibu “Ndiyo, afande” hajapoteza ubaba wake.

Nyumba iliyobaki nyuma

Wakati wa mafunzo ya awali mawasiliano hubanwa. Simu huweza kukusanywa au kuruhusiwa kwa saa maalumu, na kwa mji kama Palma ambako mtandao wenyewe umewahi kukatika kwa muda mrefu, ukimya wa wiki kadhaa haumaanishi msiba. Familia ichague mtu mmoja wa kupokea habari na kuzifikisha kwa wengine. Hivyo askari hatapigiwa simu kumi zenye maneno kumi tofauti, na uvumi utapata pa kukomea.

Habari mbaya za nyumbani zipimwe. Mtoto akiugua homa leo na kupona kesho, hapana haja ya kumtia baba wasiwasi usiku wa zamu. Lakini kifo cha mzazi au mtoto kisifichwe. Kifikishwe kwa viongozi wa kambi ili wao wamwambie ana kwa ana. Mtu aliyegundua baadaye kwamba alidanganywa hupoteza imani na watu wake wote.

Picha na maelezo ya kambi yasisambazwe. Jina la kikosi, siku ya kusafiri, idadi ya watu na njia watakayopita ni habari za kuua. Kusema dukani kwamba “wanaondoka Ijumaa” kwatosha kuwaponza. Vilevile familia zisijitangaze kwa sare na picha mahali ambapo nyumba za askari zimewahi kulengwa.

Kuhusu fedha, familia isipange matumizi kwa posho ambayo haijafika mkononi. Kwa askari wa Kikosi cha Wenyeji hasa, malalamiko juu ya posho zinazochelewa yamesikika mara kwa mara mkoani. Nyumba iendelee na shamba lake na bahari yake. Chombo na nyavu vikodishwe kwa makubaliano ya mafungu yanayojulikana pwani, badala ya kuoza ufukweni. Fedha zikitumwa kwa M-Pesa au e-Mola, laini iwe ya mke mwenyewe. Na anayepiga simu akidai malipo ili jamaa aandikishwe, apandishwe cheo au aachiwe ni wa kuogopwa. Hakuna ada ya halali kwa lolote kati ya hayo.

Watoto waambiwe ukweli kwa kipimo cha umri wao. Watoto wa pwani hii wameona mengi: baadhi walikimbia usiku, na wapo waliotekwa na mashababi wakalazimishwa kuwatumikia. Kwa mtoto wa namna hiyo, kuondoka kwa baba huonekana kama kutekwa kwingine. Aambiwe baba amekwenda wapi, kwa muda gani, na kwamba si kosa lake. Mwalimu wa shule na wa madrasa waelezwe pia, ili ukimya au ukorofi wa ghafla usitibiwe kwa fimbo.

Siku ya kiapo

Mafunzo ya awali ya jeshi la Msumbiji hufungwa kwa kiapo cha bendera, kiitwacho kwa Kireno *juramento de bandeira*. Makuruta hupita kwa gwaride mbele ya mgeni rasmi, husema kiapo cha kuilinda nchi mbele ya bendera ya taifa, na kutoka hapo huhesabiwa kuwa askari. Familia hualikwa kushuhudia. Ni siku ya vigelegele, leso mpya na machozi.

Kwa familia ya Tungue, ugumu ni umbali. Kambi ya Munguine, inayojulikana sana kwa mafunzo ya makuruta, iko Manhiça katika mkoa wa Maputo, zaidi ya kilomita 2,500 kwa barabara kutoka Palma. Montepuez iko ndani ya Cabo Delgado yenyewe, lakini safari yake nayo hupita katika barabara ambazo usalama wake umebadilikabadilika. Mafunzo ya vikosi maalumu vilivyoandaliwa na Umoja wa Ulaya kuanzia Novemba 2021, ambayo yalitoa vikosi 11 vya kukabili dharura, yalifanyika Katembe na Chimoio, mbali vilevile.

Kwa hiyo wengi hawataweza kwenda, na hakuna sababu ya kuuza shamba au kukopa kwa riba ili kulipia nauli ya saa tatu za gwaride. Achaguliwe mjumbe mmoja, ikiwezekana jamaa anayeishi Maputo, Nampula au Pemba, amwakilishe mama na mke. Anayekwenda ahakikishe tarehe kwa kiongozi wa kambi na si kwa uvumi, abebe kitambulisho, na asitegemee kuondoka na askari siku hiyo, maana huweza kupangiwa kituo papo hapo. Nyumbani, siku ileile, dua na sahani ya wali vyatosha kumwambia kwamba hakusahauliwa.

Walio katika Kikosi cha Wenyeji mara nyingi hawana uwanja wa gwaride wala mgeni rasmi wa kuwapigia makofi. Jambo hili hulinganishwa vyema na jirani wa ng'ambo ya Ruvuma. Tanzania ilianza kuimarisha Jeshi la Mgambo baada ya Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, na tangu hapo watu wazima wa vijijini, wakulima, wavuvi na wachuuzi, wamefundishwa kwata karibu na kwao. Mgambo wengi waliingizwa katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Mafunzo yao hufungwa mbele ya viongozi wa wilaya na wanakijiji wenyewe, kwa gwaride na ngoma. Sherehe hiyo ina kazi mbili: humheshimu aliyefuzu, na huwaonyesha wote ni nani aliyepewa mamlaka, kwa hiyo ni nani atakayewajibika akiitumia vibaya silaha yake. Kijiji cha Tungue kinaweza kujipa heshima hiyo bila gharama kubwa: kuwakutanisha wanakikosi, wazee, maimamu na mapadri, na kuwataja kwa majina hadharani mahali ambapo usalama unaruhusu.

Baada ya kufuzu

Anayerudi kwa likizo hatakuwa yuleyule. Atalala usingizi mwepesi, atakaa akiutazama mlango, huenda akakasirika kwa kelele za watoto. Apewe siku chache kabla ya kuletewa mashauri ya ukoo. Lakini subira ina mpaka: ulevi unaozidi, kipigo kwa mke au watoto, na maneno ya kutaka kufa si uchovu wa kawaida, na yapelekwe kwa muuguzi, kwa kiongozi wa kikosi au kwa mzee anayemsikiliza. Silaha ikiwa kijijini, isilale walipo watoto, wala isiingie katika ugomvi wa mpaka wa shamba.

Kuhusu haki za baadaye, Msumbiji ina sheria ya mwaka 2011 ya hadhi ya mpiganaji, inayowahusu wapiganaji wa vita vya ukombozi na wa ulinzi wa nchi, pamoja na baadhi ya haki za wategemezi wao, zikiwamo pensheni na misaada ya tiba na elimu. Mzee aliyekuwa Nachingwea na ambaye sasa yumo katika Kikosi cha Wenyeji anaweza kuwa na haki kwa utumishi wake wa kale hata kama utumishi wake mpya bado una utata. Mafaili hayo mawili yasichanganywe, na kila moja lifuatiliwe kwa karatasi zake katika ofisi za wilaya.

Mambo ya kukumbuka

- Ulizeni kwanza ni njia ipi: jeshi la taifa au Kikosi cha Wenyeji. Haki zake hazifanani.
- Utumishi wa lazima sasa ni wa miaka 5, na wajibu wa kijeshi hufikia miaka 35.
- Andikisheni ndoa na watoto kabla ya kuondoka, na wekeni nakala kwa jamaa anayeishi mji mwingine.
- Andikeni madeni, na mtajeni msimamizi wa nyumba mbele ya mashahidi.
- Msifiche maradhi, msiache dawa.
- Chagueni mpokea habari mmoja, na msitangaze safari za kikosi.
- Hifadhini jina la kikosi, jina la kiongozi wake na namba ya utumishi ya jamaa yenu katika daftari la nyumbani.

Hilo la mwisho ndilo hupuuzwa mara nyingi zaidi. Wapagazi waliochukuliwa Palma mwaka 1916 wengi walifia njiani pasi na jina kuandikwa popote, na wajane wao hawakuwa na mlango wa kubisha. Mjane wa leo mwenye jina, namba na cheti ana mahali pa kuanzia.